PIMA KWANZA, NUNUA BAADAYE

Katika milima yetu ya Upare motokaa mpya si nyingi. Magari mengi yanayopanda kutoka Same kwenda Mbaga, Vudee, Chome na Mamba yamekwisha kula chumvi nyingi, na hali ya njia yenyewe yaijua kila mtu: chini vumbi, juu ukungu na matope. Basi si ajabu magari hayo kugoma. La ajabu ni lile tunalolifanya sisi wenyewe baada ya gari kugoma. Mtu hufungua boneti, hutazama kidogo, kisha hutaja jina la kifaa. "Koili imekufa." Mwingine husema, "La, hiyo ni betri." Kifaa kinanunuliwa, gari haliwaki, basi kinatajwa kifaa kingine.

Nia yangu katika makala haya ni kuonyesha kwamba desturi hii ni mbaya, kwamba yatupotezea fedha na mara nyingine huhatarisha maisha ya watu, na kwamba wenye kosa si mafundi peke yao. Sisi wanafunzi tumo, na wazazi wetu wenye magari wamo pia. Ili nisionekane nawanyoshea wengine kidole, nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Baba yangu mdogo anayo Land Rover ya petroli, ya lile toleo la tatu lililotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 hata 1985. Hulitumia gari hilo kuteremsha tangawizi na abiria toka upande wa Mamba mpaka Same mjini. Katika likizo ya Desemba gari lilianza kusumbua. Asubuhi likipigwa stata, injini ilizunguka kwa uvivu, na mara nyingine ulisikika mlio mmoja tu, "ta," kisha kimya. Lakini likisukumwa mteremkoni liliwaka mara moja, likaenda hata Same bila matata.

Baba mdogo akaniuliza, "Wewe unayesoma fizikia, waonaje?" Nami nilikuwa nimetoka kusoma habari za Michael Faraday, aliyegundua mwaka 1831 namna ya kuzalisha umeme kwa sumaku. Nikajibu bila kusita, "Ni koili, baba mdogo." Sikuwa nimepima kitu cho chote. Nilijua jina, basi. Koili ikanunuliwa, na gari likabaki vile vile. Akaitwa fundi, naye akasema ni betri. Ikanunuliwa betri, gari likaonekana limepona kwa siku mbili, kisha likarudia hali yake. Akasema ni plagi. Zikabadilishwa zote nne. Fedha ya magunia kadhaa ya tangawizi ikaishia humo.

Usiku mmoja jirani yetu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mvua ilikuwa imenyesha, na gari lilikuwa limeegeshwa pahali tambarare penye matope, pasipo mteremko wa kulisukumia. Likapigwa stata: "ta." Mara ya pili: "ta." Wanaume wakatwaa kitanda, wakambeba yule mama gizani karibu saa mbili, mpaka walipokutana na gari jingine njiani. Namshukuru Mungu kwamba mama na mtoto wote wawili ni wazima. Lakini mimi nilibaki nyuma nimeshika tochi, mbele ya koili mpya, betri mpya na plagi mpya, na usingizi haukunijia usiku ule.

Siku chache baadaye gari lilisukumwa hata likawaka, likapelekwa Same kwa mzee mmoja ambaye gereji yake ni kivuli cha mti. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu." Hakufungua boneti. Aliketi juu ya gurudumu kuukuu, akaanza kumwuliza baba mdogo maswali. Likisukumwa linawaka? Linawaka. Taa za mbele zina nguvu? Zina nguvu sana. Umeona kitu cho chote kikipata moto, au kusikia harufu ya kuungua? Hapo baba mdogo akakumbuka kwamba ile kamba ya chuma ya choki ilikuwa ikipata moto kila apigapo stata, hata siku moja ilimwunguza kidole. Hakuwa amemwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza.

Yule mzee akasema, "Gari lenu limekwisha kusema. Ninyi hamkulisikiliza."

Ndipo akatoa mita yake ya umeme. Ncha moja akaigusisha kwenye kichwa hasi cha betri, ya pili kwenye chuma cha injini, akaniambia nipige stata. Mita ikaonyesha zaidi ya volti 4. Akaingia chini ya gari, akatoka na waya mnene wa ethi, ule unaounganisha injini na chasisi. Ulikuwa umeoza na kuota kutu ya kijani, umebaki kushikwa na nyuzi chache tu. Akafunga mwingine, akasugua kwa msasa mahali unapokazwa, akaniambia nipige tena. Injini ikaruka. Kazi yote haikutimia saa moja.

Sasa nitaeleza kwa nini, maana habari hii yote imo katika daftari zetu za fizikia, nasi hatuioni.

Umeme ukitoka katika betri hauna budi kurudi katika betri. Waya wa chanya huupeleka kwenye stata. Kurudi hupitia chuma cha injini, kisha chasisi. Lakini injini imekalishwa juu ya mipira ili isitikisike, na mipira haipitishi umeme. Kwa hiyo ule waya wa ethi ndio daraja la kurudia nyumbani. Daraja likivunjika, umeme hutafuta kivuko kingine, na safari hii kivuko kilikuwa kamba ya choki. Ndiyo sababu ilipata moto. Taa za mbele hazikudhurika, kwa kuwa zenyewe zimefungwa kwenye mwili wa gari, wala hazipiti katika daraja lile.

Tufanye hesabu kidogo. Stata ya gari kama hili hula mkondo mkubwa. Tuseme amperi 150. Kama katika njia ya kurudi pana ukinzani wa omu 0.02 tu, ukizidisha 150 kwa 0.02 unapata volti 3 zilizopotea njiani. Betri ina volti 12 na kidogo, nayo hushuka hata karibu na 10 wakati stata inapozunguka. Ukitoa tatu zilizopotea, stata hubakiwa na volti saba. Itazunguka kwa nguvu gani? Tena angalia jambo hili: omu 0.02 ni kitu kidogo mno, mita ya kawaida haiwezi kukiona ukipima waya gari likiwa limezimwa. Waya mbovu huonekana mzima. Hauonekani ubovu wake mpaka upimwe ukiwa kazini, umebeba mzigo. Nadhani hata wanadamu tuko hivyo, lakini hilo nawaachia walimu wa dini.

Na kwa nini gari liliwaka likisukumwa? Kwa sababu likisukumwa stata haifanyi kazi. Koili huhitaji amperi chache tu, na zile nyuzi chache zilizobaki zilitosha kuzipitisha. Jambo hili peke yake lilitosha kutuambia kwamba koili na plagi ni nzima. Tulikuwa nalo mkononi tangu siku ya kwanza, nasi tukaenda dukani.

Mtambo wenyewe wa kuwasha si wa kutisha. Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyebuni utaratibu huu wa betri, koili na platini, ukatumika katika magari ya Cadillac ya mwaka 1910. Stata yake ya umeme ikafuata katika Cadillac za mwaka 1912. Platini ni vile vipande viwili vidogo vya chuma ndani ya distributa, vinavyogusana na kuachana. Vikigusana, umeme wa volti 12 hupita katika koili na kuifanya sumaku. Vikiachana, sumaku ile huanguka ghafula, na katika waya mwembamba ulioviringishwa mara maelfu ndani ya koili huzaliwa umeme wa volti elfu kumi na zaidi. Umeme huo hupita katika kofia ya distributa, ukagawiwa kila plagi kwa zamu, ukaruka katika mwanya wake kama cheche. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, yahitaji cheche 6,000 kwa dakika, yaani cheche 100 kila nukta moja. Ajabu si kwamba siku moja hugoma. Ajabu ni kwamba hufanya kazi siku zote nyingine.

Basi mtu afanyeje gari la namna hii linapogoma? Niliyojifunza kwa yule mzee nayapanga hivi.

Kwanza, uliza. Lilianza lini? Lagoma likiwa baridi au likiwa moto? Mvua ilinyesha? Nani aligusa nini siku iliyotangulia? Dereva amekaa na gari muda mrefu kuliko fundi, na mara nyingi jibu analo mwenyewe ila hajui kuwa ni jibu.

Pili, tazama na ushike. Vichwa vya betri vimekazwa? Vimeota unga mweupe? Kuna waya uliolegea au kukatwa na panya? Huku milimani ukungu wa asubuhi huingia katika kofia ya distributa, na cheche ikapotea kwa kutambaa juu ya unyevu. Kitambaa kikavu mara nyingine ndicho dawa yote.

Tatu, pima betri. Ikiwa imejaa na imepumzika, huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha 12 kamili, imekaribia kuishiwa. Stata inapozunguka isishuke sana chini ya 10. Injini ikiwaka, alteneta yapaswa kuipandisha hata 14 au karibu. Isipopanda, usiilaumu betri kwa kuwa haina chakula. Tafuta kwa nini hailishwi.

Nne, pima njia, ya kwenda na ya kurudi, stata ikiwa inazunguka, kama nilivyoeleza. Volti inayopotea katika kila upande isizidi nusu.

Tano, ndipo utazame cheche. Ng'oa plagi moja, irudishe katika waya wake, ilaze juu ya chuma cha injini mbali na petroli, uishike kwa koleo lenye mpini wa mpira, mwenzio apige stata. Hakikisha kwanza gia imetolewa na breki ya mkono imevutwa. Cheche ya samawati yenye mlio ni njema. Cheche nyekundu na dhaifu, au kutokuwapo kabisa, yakuambia uendelee kutafuta upande wa umeme. Chukua taa ya kupimia, ambayo ni balbu ndogo na waya mbili tu, uone kama umeme unafika kwenye koili. Ukifika, fungua distributa uangalie platini: katika Land Rover hii mwanya wake ni milimita 0.35 hadi 0.40. Kama cheche ni njema, liache jambo la umeme na ufuate petroli.

Sita, na hili ndilo kubwa: badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha jaribu. Mwenye kubadili vitu vitatu pamoja, hata gari likiwaka, hajui ni kipi kilichoponya. Na asiyejua kilichoponya hana alilojifunza.

Niwaonye wenzangu pia. Magari yenye uwashaji wa kielektroniki yasifanyiwe jaribio la cheche kwa njia hii ya mkono. Umeme wake ni mkali zaidi, wawezao kumwumiza mtu na kuharibu vifaa vya gharama.

Hapo msomaji ataniambia: "Kijana, hayo ni mambo ya kale. Magari ya sasa yana kompyuta, na kompyuta husema yenyewe ugonjwa wake." Nakubali kwamba husema. Lakini kompyuta husema alichokiona, haisemi kilichokisababisha. Waya mmoja wa ethi ukilegea, vipimo vya gari huvurugika, na kompyuta huandika makosa matatu au manne, kila moja la kifaa kingine. Asiyepima atanunua vifaa vinne vya bei kubwa. Mtindo ni ule ule wa koili, ila hasara imeongezeka.

Mwingine atasema: "Fundi wa kijijini ni maskini, hana vyombo." Si kweli kwamba vyombo ni ghali. Mita ya kawaida haifikii robo ya bei ya betri mpya, na taa ya kupimia kila mtu aweza kuitengeneza. Kilichokosekana si chombo. Nami sasa natakeni radhi kwa wazazi, maana nitasema kilichokosekana ni nini.

Yule mzee alipomaliza kazi alitaja ujira wake. Baba mdogo, ambaye nampenda na kumheshimu, alishangaa, akasema, "Mzee, kwani umefanya nini? Si umebadilisha waya mmoja tu?" Siku chache kabla alikuwa ametoa fedha mara nyingi zaidi kwa betri, koili na plagi zisizohitajika, wala hakuteta, kwa kuwa vifaa hivyo aliviona kwa macho na kuvishika mkononi. Lakini akili iliyomwokoa hakuiona, basi alitaka aipate bure. Mzee hakujibu. Alifuta mikono yake, akangoja. Baba mdogo akalipa, na njiani akaniambia mwenyewe kwamba ameona haya.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa jambo. Sisi tunalipa kifaa, hatulipi kupima. Fundi anayekaa saa moja akipima, kisha akakaza nati moja, huambiwa kwamba hakufanya kazi. Yule anayesema haraka "lete koili" huonekana hodari, naye hulipwa kwa kuifunga. Kama ni hivyo, mafundi watajifunza lipi? Watajifunza kutaja majina ya vifaa. Sisi wateja ndio tuliowafundisha. Mzazi anayetaka fundi mwaminifu aanze kwa kumwambia: "Nitakulipa uniambie ugonjwa ni nini, hata kama dawa yake ni kukaza nati." Fundi akiambiwa hivyo, hana tena sababu ya kukuuzia betri.

Kwa upande wetu wanafunzi, makosa yetu ni ya namna nyingine. Tunaijua kanuni ya Ohm kwa moyo, na katika mtihani tunaizungusha kama tupendavyo, walakini siku gari lilipogoma mbele yangu sikuikumbuka hata kidogo. Nilikumbuka jina tu. Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akitaka shule isiwatenge vijana na maisha ya watu wao. Mtaala ulioanza kwa kidato cha kwanza mwaka 2024 umeleta mkondo wa amali katika baadhi ya shule, na hilo ni jambo jema. Lakini si lazima kungoja mkondo. Naomba walimu wetu watusaidie kupata katika vyuma chakavu vya Same koili moja, distributa moja, plagi nne na betri, tuvifunge juu ya ubao katika maabara. Kisha mwalimu aharibu kitu kimoja kwa siri, nasi tukitafute kwa kupima, tukiandika kila hatua, na atakayetaja jina la kifaa kabla ya kupima apoteze alama. Tena awepo fundi wa mjini wa kutufundisha walau Jumamosi moja katika muhula, naye aitwe mwalimu siku hiyo na aheshimiwe kama mwalimu. Wasichana na wavulana wote wahudhurie, kwa maana uchungu wa kuzaa hauulizi nani ameshika tochi.

Haraka haraka haina baraka, na wengi husema maneno hayo huku wamekwisha kutoa fedha mfukoni. Gari la baba mdogo lingali likipanda na kuteremka, na ile koili ya zamani, ambayo mimi niliihukumu kifo, iko ndani ya kasha chini ya kiti kama akiba. Tuliipima likizo iliyofuata. Ni nzima kabisa.